Siku Pete ya Shangazi Ilipogoma Kurudi

Mwezi huu nilipanga tuongelee bajeti ya wanandoa wapya, lakini bajeti itasubiri. Nimepata ujumbe wa kijana mmoja aliyejaribu kucheza kiinimacho cha karata kwenye sherehe ya ofisini kwao, mbele ya mabosi na mchumba wake. Akachemsha. Karata aliyoitoa haikuwa yenyewe. Ya pili siyo. Ya tatu watu wakaanza kurudi kwenye nyama choma. Anasema tangu siku ile hawezi hata kusimama kuongoza sala ya chakula, na mchumba wake amechoka kumbembeleza. Anauliza afanyeje ili ajiamini tena.

Ndugu yangu, umefika penyewe. Mimi nilipoteza pete ya shangazi wa mke wangu mbele ya watu 250.

Wengi mnanijua kwa maneno tu, hamjui kwamba pembeni mimi ni mtu wa mazingaombwe. Ugonjwa huu niliupata shule ya msingi. Enzi zetu walikuwa wanapita jamaa wa mazingaombwe, mnachangishwa hela kidogo, mnajazwa darasani, jamaa anavuta utepe mdomoni hauishi. Wenzangu walitoka wakibishana kama jamaa ana majini. Mimi nilitoka nikiwaza ile mikono yake. Nilipopata kazi benki nikaanza kununua vitabu na kufanya mazoezi na sarafu chini ya meza wakati wa vikao. Na niseme ukweli, hata mke wangu nilimpata hivyo hivyo. Nilitoa sarafu ya shilingi 200 nyuma ya sikio lake kwenye foleni ya chakula cha mchana. Akacheka, akaichukua, na hajanirudishia mpaka leo.

Sasa ikafika Novemba 2018, sendofu yake, ukumbi mmoja maeneo ya Sinza. Mkwe kwenye sendofu kazi yake ni kukaa kwa adabu, kutambulishwa, kulishwa kipande cha ndafu na kushukuru. Mimi nikajitia kimbelembele. Nikamnong'oneza emsii anipe dakika tano niwasalimie wakwe zangu kwa namna ya pekee.

Kiinimacho chenyewe ni cha siku nyingi. Unaazima pete ya mtu, inapotea mkononi, halafu inakuja kuonekana ndani ya kitu ambacho muda wote kilikuwa mbele ya macho ya watu. Mimi nilitumia skonzi. Nilishakifanya nyumbani na kwa washikaji mara zisizo na idadi. Ila siku ile nilikosea mambo mawili kabla hata sijaanza. La kwanza, niliwatangazia watu mwisho wake: "Pete hii itahama hapa, itaingia ndani ya skonzi ile pale!" La pili, suti. Ilikuwa mpya, imetoka kwa fundi asubuhi ile ile, na sikuwahi kufanya mazoezi nikiwa nimeivaa. Siri ya fani sisemi, lakini jueni tu kwamba mfuko wa koti una kazi yake.

Nikaomba pete. Shangazi mtu, yule aliyemlea mke wangu tangu akiwa darasa la tatu, akavua yake. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni ya marehemu mumewe na alikuwa hajaivua kwa miaka 31.

Ikapotea vizuri kabisa. Watu wakapiga makofi, vigelegele, nikajiona mfalme. Nikaichukua skonzi, nikaichana katikati.

Ndani ya skonzi kulikuwa na skonzi.

Nikaingiza mkono mfukoni kimtindo. Mfuko mtupu. Mfuko wa pili mtupu. Nikainama kuangalia chini ya meza, na nilipoinama tu ukumbi mzima ukajua. Emsii akajaribu kuniokoa: "Jamani, mkwe kala pete badala ya keki!" Watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha kucheka. Nikawa nasikia feni. Kuna mama mmoja meza ya nyuma akasema, kwa sauti ambayo nadhani yeye aliona ni ya chini, "Ndiyo faida ya kucheza na mashetani." Kwetu huku ndivyo ilivyo. Kiinimacho kikienda sawa wewe ni fundi, kikienda kombo wewe ni mchawi.

Hapo nikafanya kosa la tatu, ambalo sikujua kama ni kosa mpaka mwaka mmoja baadaye. Niliingia mitini. Nikapita mlango wa jikoni, nikawapita watu wa msosi na masufuria yao, nikaenda kukaa kwenye gari la rafiki yangu mpaka sherehe ilipoisha. Vijana wetu walitafuta kila kona ya ukumbi, wakainua mazulia, wakamwaga hadi mapipa ya taka. Hakuna kitu.

Siku ya nne akanipigia dobi. "Kaka, kuna kitu kigumu kwenye pindo la koti lako." Fundi hakumalizia kushona kona ya mfuko. Pete ilipenya pale, ikaingia kati ya bitana na kitambaa, ikateremka hadi chini. Yaani wakati wote ule nainama na kuinuka mbele za watu, nilikuwa nayo. Nikaiweka kwenye bahasha, nikampa shemeji yangu mdogo aipeleke kwa shangazi na salamu nyingi. Nikadhani kesi imekwisha.

Kumbe ndiyo inaanza. Harusi ilikuwa wiki mbili baadaye. Neno langu la shukrani, ambalo nilishaliandaa na vichekesho vyake, likawa sentensi mbili, na bibi harusi ndiye aliyechukua kipaza sauti akamalizia. Kazini nilikuwa na jukumu la kwenda kwenye maofisi ya watu kuwaeleza wafanyakazi habari za mikopo. Nikaanza kuumwa kila inapofika zamu yangu, leo kichwa, kesho koo. Mwenzangu akawa ananishikia. Alinishikia vizuri sana, kwa sababu katikati ya 2019 alifanywa kiongozi wa timu. Nikampongeza kwa mikono miwili, kisha nikaenda chooni nikakaa kidogo.

Nyumbani, mke wangu alianza kama wanavyoanza wapenzi wote wenye huruma. "Achana nayo mpenzi, hakuna anayekumbuka." Wanandoa mnaonisoma, sentensi hii ina nia njema lakini haifanyi kazi. Mtu aliyeaibika ukimwambia hakuna anayekumbuka, anasikia kwamba anajiumiza bure, kwa hiyo anaongeza aibu juu ya aibu na kunyamaza. Nilinyamaza miezi saba. Usiku mmoja tumezima taa, nadhani nimelala, akasema, "Mimi nilimkubali mtu aliyetoa sarafu sikioni mwangu. Huyu aliyenioa ni nani?" Sikumjibu. Lakini usingizi uliondoka.

Nikaanza kusoma. Mtu wa benki akichanganyikiwa anatafuta takwimu, na mtu wa mazingaombwe anatafuta habari za wenzake waliochemsha. Nikakuta si wachache. Mmarekani mmoja, William Robinson, alijifanya Mchina na kujiita Chung Ling Soo, na mchezo wake mkubwa ulikuwa kudaka risasi. Machi 1918, London, bunduki ikagoma kufanya ujanja iliotengenezewa, risasi ya kweli ikatoka, akafariki kesho yake. Nikasema basi, mwenzangu kafa, mimi nimechana skonzi tu.

Aliyenifurahisha zaidi ni Tommy Cooper wa Uingereza, jitu refu lenye tarbushi nyekundu kichwani. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana anafanya kazi kwenye karakana ya meli, alipanda jukwaani mbele ya wafanyakazi wenzake na kila alichokigusa kikaharibika. Akatoka amefadhaika. Baadaye ndipo akakumbuka kwamba watu walikuwa wanacheka, na wanacheka kwa raha. Akajenga umaarufu mkubwa wa televisheni juu ya viinimacho vinavyoharibika. Wengi hawajui kwamba yule bwana alikuwa fundi kweli kweli, mwanachama wa chama cha wanamazingaombwe cha London. Huwezi kuharibu kwa mpango kama hujui kupatia.

Halafu kuna P. C. Sorcar, Mhindi. Aprili 1956 alikuwa kwenye kipindi cha Panorama cha BBC, anamkata msichana katikati kwa msumeno. Akamaliza kukata, akamwita yule binti, kimya. Akamfunika uso. Mtangazaji akaingia mbele ya kamera, akaaga, kipindi kikaisha! Simu za BBC zikafurika, watu wanadhani wameshuhudia kifo. Binti alikuwa mzima kabisa, muda wa kipindi ndio uliokwisha. Wapo wanaosema Sorcar alipanga hivyo makusudi, maana hakuna tangazo bora kuliko lile, alikuwa na maonyesho yake London. Mimi nilichokiona ni kwamba mtazamaji hajui mchezo ulitakiwa uishe vipi. Labda umwambie mwenyewe, kama mimi na skonzi yangu.

Wataalamu wa saikolojia nao wana yao. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti ambao wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambaye kwa vijana wale ilikuwa aibu kuonekana naye kifuani. Wakaingizwa chumbani kwa wenzao. Walipoulizwa, walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wameiona ile picha. Walioiona kweli walikuwa karibu robo. Taa inayotumulika tunaiwasha wenyewe. Na kabla yao, mwaka 1966, Elliot Aronson alishaonyesha kwamba mtu hodari akijimwagia kahawa watu wanampenda zaidi. Ila yule wa kawaida kawaida akijimwagia, wanampenda kidogo kuliko mwanzo. Hiyo sehemu ya pili huwa haisemwi kwenye semina za kujiamini, sijui kwa nini.

Ukiniuliza kama kusoma kulinirudisha jukwaani, nitakuambia hapana. Kulinifanya nicheke peke yangu kwenye daladala. Basi.

Kilichonisogeza ni mke wangu. Jioni moja baada ya chakula aliondoa sahani, akaweka sarafu ya shilingi 200 mezani. Ile ile, alikuwa ameitunza. Akasema, "Nioneshe." Hakusema jitahidi, hakusema unaweza. Nikamwambia mikono inatetemeka. Akasema anaiona, nimwoneshe na mitetemo yake. Ikaanguka kwenye marumaru, ikabingirika hadi chini ya friji. Tukaitoa kwa ufagio. Kesho yake tena. Tukawekeana utaratibu: dakika tano tu, nikiwa nimevaa koti lile lile, ambalo lilishatiwa viraka mifukoni. Yeye ruksa kucheka. Ila hana ruksa ya kusema "safi sana" kama haikuwa safi. Wenzangu, sifa za huruma zinanukia mbali, na ukishazigundua huamini tena hata zile za kweli. Siku aliyosema "hiyo sijaiona ilivyopita", ilikuwa wiki ya tatu, nililala kama mtoto.

Nikaenda mbele kidogo kidogo. Watoto wa jirani Jumapili. Watoto ni hadhira ngumu, hawana adabu ya kuzuga. Sarafu ikichungulia tu, "Anko, ipo mkono wa kushoto!" Pale ndipo niliporudia somo ambalo kila mtu wa mazingaombwe analifundishwa mwanzoni na mimi nilililipuka: usitangaze mwisho, na uwe na mlango wa dharura. Wakubwa wa fani wana miisho mitatu minne ya mchezo mmoja. Huu ukiziba wanatokea ule, na wewe uliyeketi unadhani ndivyo ilivyopangwa. Nikaupeleka utaratibu huo kazini pia. Niliomba nianze na wateja wawili, watatu, si ukumbi mzima. Nikaacha kuahidi kwamba kwa dakika kumi wataelewa kila kitu. Na nikawa najua mapema, projekta ikizima nitafanya nini. Ilizima mara mbili. Nikachora kwenye karatasi.

Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye nilikuwa bado namkwepa. Ikifika simu yake nampa mke wangu haraka haraka kabla sijasema shikamoo.

Desemba 2019, kama ada ya Wachaga, tukapanda basi kwenda Moshi, na safari hii hapakuwa na kona ya kukimbilia. Shangazi anakaa Marangu, katikati ya migomba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umekonda. Huyu hakupi chakula?"

Siku mbili zikapita, maneno ni ya kawaida tu. Ya tatu alikuwa jikoni anapika mtori, akaniita, peke yangu. Akanisogezea kigoda. Pete nikaiona kidoleni, imejaa tele.

"Mkwe, nikuulize kitu. Siku ile ulikwenda wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za fundi, kona ya mfuko, bitana. Akanyoosha mwiko.

"Sijauliza pete. Pete ilirudi. Nimekuuliza wewe."

"Nilikuwa nje, shangazi. Kwenye gari."

"Mimi nilikaa pale mbele, watu wote wananitazama mimi. Wanakuja mmoja mmoja kunipa pole kama nimefiwa mara ya pili. Nikasema moyoni, mkwe atakuja sasa hivi aniambie neno. Ukaniletea mtoto na bahasha."

Naisimamisha hadithi kidogo kwa ajili ya kijana aliyeniandikia. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba macho ya watu 250. Niliwauliza kadhaa baadaye. Wengine walikumbuka chakula kiliisha mapema, mmoja alidhani pete ilipatikana pale pale ukumbini. Aliyekuwa na deni langu ni mmoja tu, na hakuwa ananidai kiinimacho. Wewe una mchumba aliyekaa meza moja na wenzako siku ile karata zinagoma. Umemweleza mara ngapi jinsi ulivyojisikia? Mara nyingi, nadhani, maana unasema amechoka. Je, umewahi kumuuliza yeye alijisikiaje, wewe ulipokuwa umewapa watu mgongo? Muulize wiki hii. Usijitetee akijibu. Karata utazishika baadaye.

Tuendelee. Nikateremka kwenye kigoda nikapiga goti, majivu na yote.

"Nisamehe shangazi. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Akanitazama. Halafu akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa pindo la khanga, mpaka mke wangu akaja kuchungulia mlangoni kuna nini. Akajifuta mikono, akaivua pete taratibu, maana vidole vimevimba kidogo siku hizi, akanikabidhi.

"Haya. Nifanyie tena."

Skonzi hapakuwa nazo. Koti sikuwa nalo, nilikuwa na fulana na ndala. Nikaishika pete, mikono ikaanza kutetemeka kama siku ya kwanza ya sarafu. Nikageuza kiganja, na pete ikanichomoka. Ikadunda kwenye jiwe la jiko, ikabingirika kwenye kuni. Jikoni kimya. Mke wangu pale mlangoni akaziba mdomo.

Nikainama nikaiokota. Nikaipuliza jivu, nikaifuta kwa fulana.

"Naanza upya, shangazi."

"Anza, baba. Mtori hauendi popote."

Mara ya pili ikapotea. Akavishika viganja vyangu, akavigeuza juu chini, akanipapasa mifuko ya kaptura kama polisi. Hakuna.

"Iko wapi?"

"Leo sisemi itatokea wapi."

Akachukua mwiko wake, akakaa kwenye kigoda changu, akauziba mlango na mguu.

"Sawa, mimi nina muda. Lakini ukikimbilia kwenye gari leo, nakufuata."